Paneli mbili za bandani au paa zima? Kisa cha dada na shemeji pale Dortmund

Simu ya dada iliingia Jumapili usiku, tarehe 19 Mei 2024, na kwa ile sauti aliyoanza nayo nikajua hapa kuna jambo. "Mdogo wangu, shemeji yako kasaini mkataba wa sola, yuro 24,600, na mimi nilikuwa zamu." Sikumuuliza kwanza ni paneli gani wala betri gani, nilimuuliza kasaini lini na kasaini wapi. Akasema Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 11, hapo hapo mezani jikoni, kijana wa mauzo aligonga mlango akakaribishwa chai. Nikapumua. Mkataba uliosaini nyumbani kwako na muuzaji aliyekufuata mlangoni, hapa Ujerumani una siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu yoyote, na sisi tulikuwa siku ya 8. Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, sikukuu, hamna kazi, nikapanda treni asubuhi toka Köln.

Mimi ni fundi umeme, nilianzia VETA, chuo cha ufundi, nyumbani Tanzania halafu nikaja kurudia mafunzo upya huku, na kwenye kundi la ndugu kila mtu akisikia neno sola ananitafuta mimi. Kisa hiki nakiandika chote na hesabu zake kwa ruhusa ya dada na shemeji, kwa sababu Waswahili wengi huku wameanza kununua nyumba na wengi zaidi wamepanga, na swali ni lile lile: nichukue vile vipaneli viwili vya kuchomeka kwenye soketi au nifunike paa zima?

Nyumba yenyewe ni ile ya mstari, zimeungana ukuta kwa ukuta, yao ipo katikati. Imejengwa mwaka 1971. Wameinunua 2021, wana mkopo wa benki. Wapo wanne, watoto wawili wa shule, dada ni nesi anazunguka zamu, shemeji yupo ghala la mizigo anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa tisa. Joto la nyumba ni la gesi, gari ni la dizeli. Paa limeelekea mashariki na magharibi, nyuma kuna kibustani kidogo na banda la kuwekea baiskeli. Umeme kwa mwaka wanatumia uniti 3,400 (uniti moja ni kilowati-saa moja), na mkataba wao wakati huo ulikuwa senti 35 kwa uniti, kwa hiyo umeme wenyewe ni yuro 1,190 kwa mwaka, ukiweka na ile ada ya kila mwezi inafika kama 1,330.

Sasa kabla sijafika kwenye hesabu nataka nimtendee haki shemeji, maana kwenye hadithi kama hizi mume huwa anachorwa kama mjinga aliyedanganywa, na shemeji sio mjinga hata kidogo. Yeye kakulia Mbagala, Dar. Anajua mgao ni nini, anajua nyama iliyooza kwenye friji siku mbili hamna umeme, anajua kusoma kwa kibatari usiku wa kuamkia mtihani. Kwake yeye sola ni uhuru, ni kitu cha mwanaume kuwawekea wanawe. Alafu bei ya umeme ilipopanda baada ya vita vya Ukraine iliwagonga vibaya, barua ya nyongeza ilikuja nyumba hata miaka miwili hawajamaliza. Kijana wa mauzo akaja na karatasi nzuri ya rangi, paneli kilowati 9.6, betri kilowati-saa 10, "asilimia 80 ya umeme wenu utakuwa wa kwenu, na marejesho ya mkopo ni kama bili mnayolipa sasa hivi". Nani angekataa?

Dada yeye alikuwa na kipeperushi cha supamaketi. Kweli kabisa, yale maduka ya bei nafuu tunayonunulia mchele na mafuta yanauza sola, paneli mbili na inveta yake (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) kwenye boksi, unachomeka waya kwenye soketi ya nje basi. Wajerumani wanaiita Balkonkraftwerk, yaani mtambo wa umeme wa balkoni, ingawa wengi wanaweka bustanini au juu ya gereji. Na siku tatu tu kabla ya simu ya dada, tarehe 16 Mei 2024, sheria mpya ilikuwa imeanza: inveta ikaruhusiwa kutoa wati 800 badala ya 600, paneli zenyewe zikaruhusiwa hadi wati 2,000, na usajili ukabaki wa sehemu moja tu. Hoja ya dada ilikuwa fupi: "Tuanze na kidogo tusichokopea."

Nilipofika nilikuta wamenuniana. Tukala kwanza. Halafu nikaomba bili ya mwaka, nikaomba na mkataba, nikachukua daftari la mpwa wangu la hesabu.

Jambo la kwanza nililowaambia, na kama utasoma aya moja tu ya kisa hiki soma hii: sola haikupi faida kwa uniti inazozalisha, inakupa faida kwa uniti unazotumia dakika ile ile zinapozalishwa. Uniti moja ukiitumia mwenyewe umeokoa senti 35. Uniti hiyo hiyo ukiiachia iende gridini, yaani kwenye nyaya za umeme za nje, kwa mtambo wa paa uliofungwa kipindi kile, unalipwa senti 8.11, bei imefungwa miaka 20. Zinatofautiana zaidi ya mara nne. Kwa hiyo swali sio paa lako linabeba paneli ngapi, swali ni saa sita mchana, jua likiwa kali, nani yupo nyumbani na nini kinawaka.

Paa lile la mashariki-magharibi na paneli kilowati 9.6 lingetoa kama uniti 8,200 kwa mwaka. Familia inatumia 3,400. Ukisikia hivyo unasema si tumemaliza, tumezidisha hata mara mbili! Lakini mchana shemeji yupo ghalani, watoto shule, na usiku wanapopika na kufua na kuangalia mpira jua limeshazama. Bila betri, nyumba ya namna hii inajitosheleza kama theluthi moja tu, niliandika asilimia 33, hiyo ni uniti 1,122, sawa na yuro 393 zilizookolewa. Zinazobaki 7,078 zinauzwa gridini, yuro 574. Jumla 967 kwa mwaka. Hapo nilikuwa mkarimu, sikuweka uchafu wa paneli wala inveta kuharibika.

Tukaja kwenye betri, na hapa ndo nilikasirika, nasema kweli. Kwa betri ya 10 nilikadiria wajitosheleze asilimia 70, sio 80 ya yule kijana, kwa sababu Desemba na Januari huku betri inakaa tupu, hamna cha kuijaza. Asilimia 70 ni uniti 2,380, yuro 833. Umeme unaoingia na kutoka kwenye betri unapotea kidogo, nikatoa uniti 200, zinabaki 5,620 za kuuza, yuro 456. Jumla 1,289. Toa zile 967 za bila betri, betri inaleta yuro 322 kwa mwaka. Nikafungua mkataba, betri peke yake imeandikwa yuro 9,800. Gawanya. Miaka 30! Na dhamana ya betri hiyo kwenye karatasi hiyo hiyo ni miaka 10. Shemeji alichukua kalamu akagawanya mwenyewe mara mbili, akanyamaza.

Halafu mkopo. Waliambiwa marejesho ni kama bili. Mkataba unasema yuro 208 kwa mwezi kwa miaka 15. Bili yao ni kama 111 kwa mwezi, na hata mtambo ukifanya kazi vizuri kabisa ungeleta 1,289 kwa mwaka, sawa na 107 kwa mwezi. Maana yake kila mwezi, kwa miaka 15, wangetoa mfukoni yuro 100 juu ya wanachookoa. Jumla ya marejesho ni 37,440. Hakuna mahali kwenye ile karatasi ya rangi namba hiyo ilipoandikwa, iliandikwa 208 tu kwa herufi kubwa.

Tukashuka chini stoo kuangalia mita. Mita ni ile ya zamani ya kisahani kinachozunguka, kabati lake lina fyuzi za kuskrubu za enzi ile ile ya 1971. Mtambo mzima wa paa huwezi kuunga kwenye kabati la namna hiyo, lazima libadilishwe lote, na kwa nyumba ile nilikadiria yuro 2,300. Kwenye mkataba kuna mstari mdogo ukurasa wa nne: marekebisho ya kabati la mita hayamo kwenye bei. Tukapanda darini. Vigae ni vya zege, vya tangu nyumba ijengwe, vina ukungu, viwili vimepasuka, na dada akakumbuka kuwa mkaguzi wa nyumba walipokuwa wananunua aliandika paa litahitaji kubadilishwa ndani ya miaka kumi. Unaona sasa. Ukifunga paneli leo kwenye paa la kubadilisha baada ya miaka mitano, unalipa jukwaa la mafundi mara mbili, unalipa kuzishusha, unalipa kuzirudisha, na dhamana ya aliyefunga mwanzo inaingia kwenye ubishi. Kwangu mimi hili ndo lilifunga mjadala, kuliko hata betri. Kijana wa mauzo hakupanda darini. Alipima paa kwa picha ya setilaiti kwenye tableti akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni.

Ikabaki hoja ya shemeji iliyo moyoni: umeme ukikatika. Nikamuuliza, tangu mhamie hapa umeshawahi kukatika? Akafikiri, akasema mara moja, kama nusu saa hivi. Hesabu za Bundesnetzagentur, ile mamlaka inayosimamia gridi, kwa mwaka 2023 zilionyesha mteja wa kawaida alikosa umeme dakika 12.8 kwa mwaka mzima. Alafu lililomuuma zaidi ni kwamba mtambo aliosaini usingemsaidia hata hizo dakika. Inveta ya kuunganishwa na gridi, kubwa au ndogo, ikiona gridi imezima nayo inajizima, kwa usalama wa mafundi walio kwenye laini. Ili nyumba iwake wakati mtaa una giza unahitaji swichi ya kujitenga na inveta inayoweza kusimama peke yake, na hiyo haikuwemo. Kijana aliulizwa "tukikatiwa umeme tutabaki na taa?" akajibu "mna betri". Jibu ambalo sio uongo na sio kweli.

Sasa nisije nikaonekana nauza vile vipaneli vidogo. Vidogo navyo vina maneno mengi yasiyo kweli, na dada alikuwa nayo mawili. La kwanza, alidhani paneli za wati 800 zitashindwa kuendesha mashine ya kufulia ya wati 2,000 kwa hiyo hazina kazi siku ya kufua. Hapana, nyumba inachota kwenye mabomba mawili kwa pamoja, 800 zinatoka kwako na 1,200 zinatoka gridini, mita inahesabu hizo 1,200 tu. La pili, jirani alimwambia nyumba ina fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, na wewe umechomeka kwenye fezi moja, kwa hiyo vyumba vya fezi nyingine havipati. Mita za hapa zinajumlisha fezi zote kabla ya kuhesabu, unachoingiza kwenye moja kinafuta unachochota kwenye nyingine. Usihangaike kutafuta soketi ya "fezi sahihi". Cha kuhangaikia ni uzima wa waya na soketi yenyewe, usichomeke kwenye ekstensheni iliyobeba vitu vingine, na kwenye nyumba ya 1971 fundi aangalie hiyo laini kwanza. Mimi ile yao niliifungua nikakuta koneksheni moja imelegea, nikaikaza.

Faida ya vidogo inatoka kwenye vitu visivyolala, friji, ruta, friza, pampu ya mfumo wa joto, taa ndogo ndogo za kusubiri. Nikasubiri usiku wote wamelala nikahesabu mizunguko ya kile kisahani: wati 240. Nyingi kwa nyumba iliyolala. Tukaanza kuchomoa kimoja kimoja tukafika kwenye friza ya stoo, friza ya kifua, kubwa, waliirithi kwa rafiki aliyehama, imejaa samaki wa duka la Waafrika na mihogo na nusu mbuzi. Tukaipima siku nzima na kile kimita cha soketi: uniti 1.6. Kwa mwaka ni 584, yuro 204, friza peke yake! Friza mpya ya ukubwa ule ule inakula kama uniti 190. Tofauti ni yuro 138 kila mwaka na inauzwa kama 350. Nilimwambia dada kabla hujanunua paneli hata moja nunua friza. Alicheka akidhani natania, sikuwa natania.

Tukaamua hivi. Barua ya kujitoa ikaandikwa Jumanne, ikapelekwa posta kwa rejista tarehe 22, na nakala kwa barua pepe. Kampuni ilipiga simu mara tatu, kwanza kwa upole, halafu kusema kuna gharama za "maandalizi" wanadai, halafu kutoa punguzo la yuro 3,000 kama wataondoa barua. Hilo punguzo lilimsaidia shemeji kuliko maneno yangu yote, akasema kama elfu tatu zinaweza kupungua kwa simu moja basi bei ya mwanzo ilikuwa ya nini. Hawakulipa chochote. Friza mpya ikaja wiki iliyofuata. Na boksi la paneli, mbili za wati 440 na inveta ya 800, yuro 449, na vishikio na mawe ya kuzuia upepo yuro 90, jumla 539. VAT hamna, sola za nyumbani hapa zimekuwa asilimia sifuri tangu Januari 2023.

Tukazifunga juu ya banda la baiskeli, zimeinama kuelekea kusini. Hili ni jambo dogo lenye maana kubwa: paa la nyumba limegeukia mashariki na magharibi lakini banda ni tambarare, unaweza kugeuza paneli unavyotaka. Tulimaliza saa tisa mchana. Usajili kwenye Marktstammdatenregister, daftari la taifa la mitambo ya umeme, ulichukua kama dakika kumi na tano, inabidi ufanye ndani ya mwezi mmoja tangu uwashe. Halafu watoto wakashuka stoo na tochi, nikasikia kelele, "Mjomba, kinarudi nyuma!" Kile kisahani cha mita kilikuwa kinazunguka kinyume. Zamani hilo lilikuwa kosa, sheria ile ya Mei 2024 inalivumilia mpaka fundi wa kampuni ya mita aje abadilishe. Alikuja Agosti, akaweka ya kidijitali, watoto wakasikitika.

Mita mpya ndo imetupa namba za kuaminika, kwa sababu ina hesabu mbili, 1.8.0 ni uliyochota na 2.8.0 ni uliyoachia. Kuanzia Septemba 2024 hadi Agosti 2025 paneli zilizalisha uniti 706, zilizoenda gridini bure ni 271, zilizotumika ndani ni 435. Kwa senti 35 ni yuro 152. Kwa hiyo zile 539 zinarudi kwa miaka mitatu na nusu. Juni ilitoa 97, Desemba ilitoa 13, kumi na tatu tu mwezi mzima, na mtu akikuuzia sola huku bila kukwambia habari za Desemba mwogope. Zile 435 hazikuja zenyewe pia. Dada akirudi zamu ya usiku saa mbili asubuhi anapanga mashine ya vyombo kwa taima ianze saa tano akiwa amelala, ya nguo ianze baada ya hapo, moja moja sio zote kwa pamoja. Wali wanapika jioni kama kawaida, nilimwambia usigeuze maisha yako kwa ajili ya senti kumi.

Waliniuliza kuhusu vile vibetri vya kuongeza kwenye paneli ndogo. Uniti 271 zinazopotea, hata ukizikamata zote ni yuro 95, na hutazikamata zote, ukipata 65 ushukuru. Boksi tuliloliangalia lilikuwa 600 na kitu. Bado.

Kuna upande ambao kusubiri kumewagharimu na siwezi kuuficha. Tarehe 25 Februari 2025 ilianza sheria nyingine, mitambo mipya ya paa ikishawekewa mita janja, ile inayosomwa kwa mbali, hailipwi kitu kwa muda ambao bei ya umeme sokoni imeshuka chini ya sifuri, na kama huna mita hiyo unawekewa kikomo cha kurudisha asilimia 60 tu ya nguvu ya paneli. Na bei yenyewe ya kuuza inashuka kila miezi sita, kutoka ile 8.11 ilifika 7.86 Agosti 2025. Angefunga 2024 angekuwa ameshika masharti ya zamani miaka 20. Nimeirudia hesabu nikiwa na hilo kichwani, na bado lile paa bovu na ule mkopo wa 37,440 vinalishinda. Ingekuwa paa ni jipya, kabati ni jipya, na wana yuro elfu 13 zao mkononi, ningewaambia fungeni paa lote leo bila betri na msisikilize mtu.

Na ndo maana jibu la dada na shemeji usilichukue kama jibu lako. Rafiki yao mmoja ana gari la umeme na hita ya pampu inayotumia umeme, anatumia uniti zaidi ya 8,000, huyo vipaneli viwili kwake ni kama tone, paa zima linamlipa. Mwingine amepanga ghorofa ya tatu, huyo hana paa la kuchagua, balkoni ndo paa lake. Kwa wapangaji, tangu Oktoba 2024 mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya msingi, ila bado unatakiwa umuombe kwanza, na anaweza kusema zifungwe vipi. Omba kwa maandishi, weka picha ya balkoni na karatasi ya vishikio. Balkoni ikiangalia kaskazini acha, nunua friza.

Swali la mwisho ambalo lilitoka kwa shemeji mwenyewe, na najua wengi mnalo: tununue boksi kama hili tumtumie mama Mbagala? Jua la Dar kwa paneli ile ile lingetoa kama mara moja na nusu ya hapa. Lakini hapana. Umeme ukikatika inveta ile inajizima, yaani inazima saa ile ile mama anapoihitaji. Na mita nyingi za kulipia kabla hazijatengenezwa kwa umeme unaorudi, kuna zinazouhesabu kama umeutumia, mama akaishiwa uniti za LUKU kwa sababu ya jua. Kwa nyumbani kinachotakiwa ni inveta yenye betri inayosimama peke yake, ukubwa wa taa, feni, friji na tivii, na inanunuliwa huko huko ili fundi wa huko aweze kuirekebisha. Kontena la meli sio mahali pa betri ya lithiamu. Shemeji kaelewa haraka kuliko nilivyotarajia, ule uhuru anaoutafuta kutoka kwenye giza, mahali pa kuutolea pesa ni Mbagala, sio Dortmund. Wamemwekea mama mwaka huu.

Fundi wa paa amepangwa Machi. Kabati la mita tumelibadilisha Oktoba, nimefanya na mwenzangu mwenye leseni ya kusaini, imewatoka 1,900. Gari la dizeli lina mwaka mmoja au miwili ya kuishi. Nimemwandikia fundi wa paa kitu kimoja tu, apitishe bomba tupu la milimita 50 toka darini mpaka stoo kabla hajafunga vigae, na shemeji kila nikimpigia simu ananiuliza kama fundi amejibu kuhusu lile bomba.